Lokichoggio au Moyale

Soko la Homa Bay
3 Julai 1995

Shemeji Boaz,

Salamu kwako, kwa Susana na kwa watoto. Sisi huku tunapumua. Nakuandikia Kiswahili kwa sababu Kikuria sikijui, na Kijaluo chako ni cha kununulia samaki tu.

Rafiki yako Cephas, mume wangu, fundi na dereva wa malori, sasa ana mwaka na miezi minne bila barua. Ya mwisho aliitumia Nakuru. Alisema malori ya chakula cha msaada yanagawanywa hapo, mengine yanakwenda Lokichoggio karibu na mpaka wa Sudan, mengine Moyale mpakani mwa Ethiopia, na yeye bado hajajua atapangiwa wapi. Basi, kimya.

Juzi wazee wa kwao Ndhiwa wameniita. Wewe ni Mkuria, labda hujui. Kwetu mtu akipotea mpaka watu wakate tamaa, hukatwa tunda la yago, lile refu linaloning'inia mtini kama mchi, likavikwa sanda na kulazwa kaburini badala yake. Likishafukiwa, mtu huyo amekufa. Hata akitokea kesho yake barabarani, kwa wazee ni maiti inayotembea. Hana boma, hana mke. Wamechagua Jumamosi tarehe 26 Agosti. Baada ya hapo nitakuwa mjane, na Fanuel, kaka yake Cephas, atanirithi. Fanuel si mtu mbaya. Ubaya wake ni kwamba si Cephas.

Nimepata habari mbili. Mama Mokeira anayeuza ndizi hapa anasema ndugu yake alimwona fundi anayeitwa Cephas huko Lokichoggio. Na Mayaka, dereva wa malori, anasema alimwona Cephas wetu Moyale wakati wa Krismasi, lakini alipomsalimu kwa Kijaluo, huyo mtu aligeuza uso akaingia chini ya lori.

Nimeuza cherehani yangu. Nauli itanipeleka upande mmoja na kunirudisha. Siku nazo zinatosha upande mmoja tu. Wewe umelala miji yote miwili. Ulitusimulia siku ya harusi yetu mpaka wali ukapoa. Niambie, shemeji. Niende wapi?

Mimi,
Leonida, mke wa Cephas


Migori, nyuma ya stendi ya mafuta
9 Julai 1995

Kwa Shemeji Leonida, malkia wa vitambaa,

Barua yako imenikuta chini ya tela ya miwa ya Awendo. Nimeisoma nimelala chali kama tajiri aliye likizo. Pole sana, na uache kulia kuanzia mstari huu, kwa maana umeuliza mtu anayestahili kuulizwa. Mimi shule niliiacha darasa la sita. Mwalimu hakuwa na jipya tena. Lakini barabara ni chuo kikuu, na mimi huko ni profesa.

Sikiliza. Moyale nimelala mara kumi na moja. Ni mji wa milimani, baridi yake inakata masikio, ukungu hautoki mpaka saa sita. Nusu ya mji iko Kenya, nusu iko Ethiopia, hata mimi nilikunywa chai kikombe kiko kwetu na sukari iko kwao. Lakini kazi ya fundi haiko. Magari yenyewe yanahesabika, yakiharibika wanayaachia kuku.

Lokichoggio, sasa hiyo ndiyo dunia. Ndege zinashuka kama kunguru wa soko lenu. Wazungu wa kila rangi. Upepo wa ziwa unapiga mji mzima, na kuna hoteli ya ghorofa inayotazama maji, mwenyewe ananiita Mtu wa Maili. Taja jina langu tu, utapewa chumba cha juu. Beba sweta, jioni upepo ule una dharau. Na fundi hufuata vyuma, shemeji. Vyuma viko Loki.

Huyo Mayaka mwache. Cephas ageuze uso asalimiwapo? Cephas huyu aliyekuwa akisalimia mpaka mbuzi wa polisi? Aliyeshuka kwenye mazishi ya mtu asiyemjua Rongo kwa sababu tu alikuwa hajasalimia watu tangu asubuhi? Mayaka aliona mtu mwingine.

Nenda Loki. Utamkuta ananenepa, na utampiga makofi mawili, moja lako, moja langu.

Ni mimi mwenyewe,
Boaz Maroa, Mtu wa Maili


Homa Bay
15 Julai 1995

Shemeji,

Asante. Nimesoma barua yako mara tatu na kucheka mara moja, na ni mara ya kwanza kucheka tangu Pasaka.

Sitakuficha. Moyo wangu ulikuwa Moyale. Yale ya kugeuza uso yalinichoma, na kitu kinachonichoma huwa nadhani ni cha kweli. Lakini mimi mwisho wa safari zangu ni Kisumu. Siwezi kushindana na mtu aliyelala huko mara kumi na moja.

Fanuel amesema niende, yeye hatanizuia. Hata amenipa begi lake. Naondoka Alhamisi tarehe 20. Phelesia, jirani yangu sokoni, atanipokelea barua kwenye sanduku letu la posta.

Leonida


Migori
19 Julai 1995

Shemeji Leonida,

Ngoja kidogo. Usiondoke Alhamisi. Nimekaa nikafikiri, na mtu kama mimi akikaa akafikiri ujue jambo ni zito. Hapa gereji kuna madereva wanapita kila wiki, nataka niwaulize mambo mawili matatu kuhusu Loki ya siku hizi. Miji hubadilika. Hoteli hufungwa. Hata ziwa linaweza kusogea.

Tafadhali ngoja barua yangu nyingine.

Boaz


Lokichoggio
2 Agosti 1995

Boaz,

Barua hii nampa dereva anayeshuka Kitale. Naandika nimekaa juu ya begi la Fanuel, kwenye kivuli cha tangi la maji, kwa sababu kivuli kingine hakuna.

Nilifika jana baada ya siku kumi na mbili. Siku tano tulikwama Lodwar tukingoja msafara wa polisi. Hapa hakuna ziwa. Niliuliza ziwa liko wapi, mama mmoja Mturkana akacheka mpaka akakaa chini, halafu akanionea huruma akanipa maji. Akaniambia ziwa ni mwendo wa siku nzima kwa gari, nyuma huko nilikotoka. Hakuna hoteli ya ghorofa. Kuna mahema, na mabati, na joto ambalo sijui jina lake. Sweta uliloniambia nibebe nimelitandika chini ya mtoto wa mtu aliyekuwa na homa ndani ya lori.

Nimetaja jina lako. Nimelitaja kwa walinzi wa uwanja wa ndege, kwa wauza chai, kwa padri. Mtu wa Maili hawamjui.

Cephas yupo. Ni Cephas Wafula wa Bungoma, fundi wa jenereta, mtu mpole mwenye kichwa cha mvi. Alipoona nimekuja alisimama akafuta mikono, akadhani ameletewa habari za kwao. Tukatazamana. Mimi nikalia, na yeye naye akalia, sijui alilia nini.

Kutoka hapa kwenda Moyale hakuna njia. Nimeuliza kila mtu. Lazima nirudi mpaka Nakuru, nipande upya, na sina nauli, na hata ningekuwa nayo siku haziko. Malori ya kurudi hayajulikani yataondoka lini.

Nina swali moja, na unijibu kama unamjibu mtu aliyekufa, bila kunichekesha. Uliwahi kufika hapa?

Leonida


Migori
11 Agosti 1995

Leonida,

Hapana.

Sijawahi kufika Lokichoggio. Sijawahi kufika Moyale, wala Marsabit, wala Isiolo. Mwisho wangu ni Nakuru, mara moja, mwaka wa 1988, nilikwenda kufanya mtihani wa udereva nikaanguka. Mpaka wa Tanzania nimevuka mara elfu, hiyo ni kweli, lakini pale Isebania hata kuku huvuka. Kazi yangu ni kuziba pancha. Mtu anakaa juu ya tairi lake akingoja, ananisimulia alikotoka. Mimi naziba na kusikiliza. Jioni nasimulia kama mimi ndiye niliyetoka huko. Miaka kumi na tano nimefanya hivyo. Watu hucheka, na mtu akicheka sikuona nimemkosea nini.

Cephas peke yake ndiye aliyejua. Alinikuta siku moja nikisimulia Mombasa kwa watu waliozaliwa Mombasa. Hakutoboa siri yangu. Alisimama tu akasema, "Huyu hata mimi nilikuwa naye huko."

Nilipopata barua yako ya kwanza ningeweza kusema sijui. Neno lenyewe ni fupi. Kalamu ilikataa. Nilichagua Loki kwa sababu dereva mmoja wa mwezi ule alikuwa ametoka Loki, basi. Ziwa nililiona kwenye kalenda ya duka la dawa.

Susana nimemwambia yote jana. Hakunitukana. Alikwenda akauza ndama aliyepewa na baba yake, akarudi akaniwekea nauli kwenye soksi, akasema, "Sasa nenda kweli." Naondoka leo kwenda Moyale na gari la saa nne. Najua uko njiani na huenda usisome hii. Nimeiandika hata hivyo.

Ninaogopa, shemeji. Sijui mtu huanzia wapi.

Boaz


Marsabit
18 Agosti 1995

Leonida,

Nimefika hapa nimelala juu ya magunia ya sukari, mdomo umejaa vumbi. Kutoka Isiolo tumekuja msafara, malori saba na askari wawili wa kulinda. Watu hawaongei sana juu ya lori. Kila mmoja ameshika kamba yake. Nilijaribu kusimulia kidogo, mzee mmoja Mborana akanitazama tu, nami nikashika kamba yangu.

Kesho au keshokutwa tunaondoka, ikiwa wale wa mbele watasema njia ni salama. Sina la kuongeza. Nimetafuta la kuongeza nimelikosa.

Boaz


Ndhiwa
20 Agosti 1995

Boaz Maroa,

Nilirudi jana. Phelesia amenipa barua zako mbili, ile ya kuniambia ningoje na ile ya kukiri.

Sitaki safari yako. Nani atajua kama umeondoka kweli? Labda umekaa Kehancha kwa mjomba wako unaandika kwamba uko Isiolo. Mimi ndiye niliyesimama mbele ya wazee nikasema nipeni siku, nina mtu anayejua. Nimerudi na begi la mwenye begi na uso mweusi kwa jua. Nilipowaeleza habari za ziwa, hata wanawake walifunika midomo. Fanuel hakucheka. Alisema, "Umetafuta, nyamera, dada yangu. Sasa pumzika." Hilo ndilo lililonimaliza, maana ni la kweli.

Yago limeshachaguliwa. Nimeliona mtini. Siku zilizobaki ni sita, na mimi sina pa kwenda tena.

Usiniandikie.

Leonida


TELEGRAMU
Moyale, 23 Agosti 1995

LEONIDA SANDUKU LA POSTA LA PHELESIA HOMA BAY = CEPHAS HAI MOYALE. NIMEMWONA. MSIZIKE. BOAZ


Moyale
23 Agosti 1995

Leonida,

Nimetoka posta kukupigia telegramu. Karani aliniuliza kama nataka kuongeza salamu, nikasema hapana. Barua hii itachelewa, lakini telegramu haina nafasi ya haya.

Nilifika juzi mchana. Ni joto, na vumbi lake ni jekundu. Malori yapo mengi. Nilianza upande mmoja wa barabara, nikiinama chini ya kila gari na kusema jina. Kwenye gari la tisa miguu ilikuwa yake. Nikamsalimu kwa Kijaluo kile changu cha samaki. Hakutoka. Nikakaa kwenye tairi. Nikamwambia, "Sitoki hapa, mimi kazi yangu ni kungoja watu wa tairi." Baada ya muda mrefu akatoka.

Amekonda. Mkono wa kushoto haukunjuki vizuri. Mayaka hakukosea. Mimi ndiye niliyekosea, na nilikosea kwa sababu nilimjua Cephas wa zamani.

Aprili mwaka jana alipewa lori la mahindi kuja huku. Juu ya magunia aliwabeba watu, kama madereva wote wanavyobeba. Kabla ya kufika, breki zilikataa kwenye mteremko wa mto mkavu. Watu sita walikufa. Mmoja alikuwa msichana aliyempandisha kwa mikono yake mwenyewe, maana mama yake alikuwa na mtoto mwingine mgongoni. Polisi walimwandika na kumwachilia, gari lilikuwa bovu kweli. Mwenye lori alituma mtu kuchukua vyuma vyake, hakumtuma mtu kumuuliza dereva hali. Yule mama anakaa hapa Moyale. Cephas humtekea maji kila asubuhi. Mama hamsemeshi, wala hamkatazi. Ndiyo maisha yake. Hasalimii watu tena.

Nilimweleza habari za yago na za tarehe 26. Alisikiliza kama mtu anayesomewa hukumu ya kumfungua. Kisha akasema, "Omera, ndugu yangu, ni vizuri. Waache wanizike. Rudi useme hukuniona."

Nikamwambia siwezi.

Akasema, "Boaz, maisha yako yote umesema uongo bure. Nifanyie mmoja wa maana."

Leonida, nilijaribu. Jana nilikaa na karatasi, nikaandika: Shemeji, nimezunguka Moyale yote sikumpata, tuliza moyo. Ni barua nzuri. Ingewapumzisha nyote wawili, na hakuna mtu duniani angeigundua, maana safari hii kweli nimefika. Nikaipasua. Kwa hiyo nakuambia: nimemwona, yuko hai, na hataki kurudi. Ya kwanza na ya pili utafurahi. Ya tatu nisamehe, lakini ni yako, si haki yangu kukaa nayo.

Mimi siondoki. Nalala kwenye veranda ya misheni, mchana nakaa kando ya lori analolitengeneza nampa spana. Leo amenirudishia moja akasema, "Hiyo ni kumi na nne, nimesema kumi na tatu." Ndiyo mazungumzo yetu ya siku nzima. Nitaendelea kumpa spana mpaka apande gari au mpaka Susana aje kunichukua.

Boaz


Ndhiwa
28 Agosti 1995

Shemeji Boaz,

Barua hii anakuletea Mayaka mwenyewe, anapanda kaskazini kesho. Nimemwambia asiiache posta. Telegramu ndiyo niliyopata, barua, kama umeandika, bado haijafika.

Phelesia aliileta Jumamosi, amekimbia kutoka barabarani na viatu mkononi. Shimo lilikuwa limeshachimbwa. Yago lilikuwa limelala juu ya mkeka, limefungwa shuka jeupe, na mama mkwe alikuwa ameshalilia jina la mwanawe. Fanuel akachukua telegramu, akaisoma kwa sauti. Kisha mzee mmoja akauliza, "Boaz yupi? Yule wa ziwa?"

Wakacheka, shemeji. Kwenye mazishi. Fanuel akanikunjia karatasi akanirudishia kwa upole, akasema watu wamekuja kutoka mbali, tumalize.

Nilikuwa na barua yako ya kukiri mfukoni, na mimi mwenyewe nilikuwa nimekuandikia nisikusikie tena. Nikaisoma ile telegramu nikitafuta uongo ndani yake. Nikauliza, Boaz yuko wapi hapa? Hoteli iko wapi? Umelala mara ngapi? Hapakuwa na kitu. Maneno machache makavu kama mawe, hakuna hata moja la kujisifu. Nikajua umefika.

Walipoinama kulibeba yago, niliwapita nikashuka ndani ya shimo. Nikaketi chini kabisa, nikanyoosha miguu. Mama mkwe alipiga ukelele. Wazee waliniamuru nitoke, wakaniita mwendawazimu, wakasema nimeleta mkosi, kwamba mke hakai katika kaburi la mume. Nikawaambia, "Basi mmekubali kwamba ni mke. Mnilazie hilo tunda mapajani mfukie, au mningoje." Udongo ulikuwa ukidondoka kutoka pembeni, baridi, unaingia shingoni. Nilikaa mpaka jua likasogea upande wa pili.

Fanuel ndiye aliyenyoosha mkono kunitoa. Mbele ya watu wote akasema, kama ndugu yangu yuko hai sitaki kuwa mtu aliyemfukia. Wazee wametoa mpaka Jumapili tarehe 24 Septemba. Wametia mgomba ndani ya shimo, maana kwetu likichimbwa haliachwi tupu. Yago wameliweka ghalani. Lakini hawataki karatasi tena, yako wala ya mtu yeyote. Wanataka Cephas kwa miguu yake, aingie langoni wamwone.

Sijui kwa nini hakuandika mwaka mzima na zaidi. Mchana kutwa najaribu sababu moja baada ya nyingine kama mtu anayejaribu funguo. Kama ni mwanamke, aje anaye, tutagombana hapa hapa nyumbani. Kama ni ugonjwa, nitamuuguza. Kama amefanya jambo baya, shemeji, mwambie simuulizi ni lipi mpaka akae, ale.

Na kama amechagua kufa, mwambie hivi, kwa maneno yangu, usiyapambe. Mahali pake nimeshakaa mimi. Ni pembamba, hapana hewa, na kutoka ndani unasikia watu wote juu wakikulilia wala huwezi kuwajibu. Si pa kumpa mtu unayempenda. Mimi wamenitoa. Aje ajitoe mwenyewe.

Msalimu kabla hujamwambia lolote.

Leonida, mke wa Cephas